Afadhali paka afungwe uzazi kuliko kile kiroba

Najua nimepotea humu kama wiki tatu hivi. Msinilaumu, mwisho wa semista mnaujua wenyewe: jaribio linafuata jaribio, maandalio ya somo hayajakamilika, na bumu lilishakata siku nyingi, tunaishi kwa maharage ya kukopa. Sasa nimepata kanafasi ka kupumua, na kuna jambo limenikaa moyoni tangu likizo. Leo siongelei Bodi ya Mikopo wala foleni ya maji hosteli. Leo naongelea paka. Ndiyo, paka. Usifunge ukurasa kwanza.

Kwa wageni: mimi nasoma sayansi na ualimu hapa SUA, kampasi ya Solomon Mahlangu, Mazimbu, na masomo yangu ya kufundishia ni baiolojia na kemia. Kwetu ni Bukima, Musoma Vijijini, kule Majita. Kama hujafika, jua ni sehemu ambayo ukiamka asubuhi unanusa dagaa kabla hujanusa chai. Wanaume wanaingia ziwani usiku wa giza na taa zao, mwezi ukiwa mkubwa wanapumzika, na asubuhi kina mama wanaanika mchangani au kwenye vichanja. Ndani ya nyumba kuna makopa ya muhogo na magunia ya mahindi. Penye dagaa, makopa na mahindi pana panya, na penye panya lazima pawe na paka. Paka wa kwetu si pambo la kupigia picha, yule ni mfanyakazi.

Sasa sikilizeni kilichotokea.

Nyumbani kuna paka jike anaitwa Sato. Aliitwa hivyo kwa sababu akiwa mdogo aliwahi kuburuta sato mzima kutoka jikoni mpaka chini ya kitanda, samaki karibu amzidi yeye urefu. Ni paka wa mama mdogo wangu, tunayeishi naye pale nyumbani. Likizo iliyopita nilimkuta Sato kazaa vitoto vinne nyuma ya ghala. Siku ya pili jioni mjomba alimwita mdogo wangu wa mwisho, yuko darasa la tatu, akampa kiroba kimefungwa kamba. Ndani mlikuwa na wale vitoto wanne, macho bado hawajafungua, pamoja na jiwe. Mtoto akaelekea ziwani. Hakuna aliyesema kitu. Mama alikuwa anapepeta, mie nilikuwa naosha vyombo.

Dogo alirudi amelowa mpaka magotini. Usiku hakula. Tukadhani homa. Tulipolala akaniuliza gizani: "Dada, wakiwa mle ndani wanajua kama ni maji?"

Sikumjibu. Nilijifanya nimelala.

Na sababu ya kutomjibu ni kwamba kile kiroba nakijua. Nilipokuwa darasa la nne mimi ndo nilikuwa napewa. Nilifanya mara mbili. Mara ya kwanza nilijisikia mkubwa, nimeaminiwa kazi. Mara ya pili kiroba hakikuzama haraka, na sitaandika zaidi ya hapo. Sato mwenyewe usiku ule na usiku miwili iliyofuata alizunguka ghala akiita, maziwa yamejaa, anaingia ndani, anatoka, anatuangalia mmoja mmoja.

Basi msimamo wangu nausema mapema ili mjue mnabishana na nini: paka jike wa kufugwa, ambaye mwenye naye hana mpango wa kulea watoto wake, afungwe uzazi. Kwa operesheni, na daktari. Na tuache kabisa kuwapa watoto wetu kiroba.

Najua kinachokuja. "Wewe umeenda chuo umeanza kuona paka ni mtu." Subirini kwanza.

Nianze na hesabu, maana mwalimu bila hesabu ni porojo. Paka jike anaweza kuanza kutaka dume akiwa na miezi 6, wengine hata miezi 4, yaani bado yeye mwenyewe ni mtoto. Mimba yake ni siku 63 mpaka 65 hivi. Anaweza kushika mimba nyingine wakati bado ananyonyesha. Yai lake halishuki kwa kalenda kama la binadamu, linashuka baada ya kupandwa, kwa hiyo dume akimfikia ni mara chache kukosa. Halafu kuna jambo la mwanga. Ulaya na nchi nyingine za baridi, siku zinapokuwa fupi majike wengi wanatulia mpaka mwanga uongezeke tena. Bukima iko chini kidogo tu ya ikweta. Tofauti ya siku ndefu na siku fupi kwetu ni dakika chache, mchana ni masaa 12 mwaka mzima. Maana yake Sato hana msimu wa kupumzika. Mwaka jana alizaa mara tatu. Weka watoto wanne kila mzao, ni 12 kwa mwaka. Kijiji kizima wanatakiwa paka wangapi kwenye maghala? Majirani walishachukua, mashemeji walishachukua, mwalimu wa shule ya msingi alishachukua wawili. Waliobaki ndo wa kiroba.

Hapo hapo niwaonye kitu. Mtandaoni kuna hesabu inazunguka kwamba paka mmoja na uzao wake wanaweza kufika paka 420,000 ndani ya miaka 7. Msiibebe hiyo kwenda kubishana nayo, mtaaibika. Ingekuwa kweli tungekuwa tunatembea juu ya paka. Haiko hivyo kwa sababu vitoto wengi wanakufa kabla ya kukua: njaa, minyoo, mafua ya paka, mbwa, pikipiki. Hilo halinifariji hata kidogo. Maana yake ni kwamba hata wasioingia kwenye kiroba, wengi wao wanaenda kufa polepole nyuma ya vichanja.

Sasa nije kwenye kosa langu, maana si mjomba peke yake mwenye kosa hapa.

Kesho yake mchana tunakula, nikaanza kuhutubia. Si mnanijua. Nikasema: "Huyu Sato dawa yake ni kumtoa kizazi tu. Akishatolewa atanenepa, atatulia, hatasumbua mtu." Nikasema kwa kucheka. Mama akaniangalia jicho lile. Mama mdogo akaweka tonge lake chini, akanawa, akatoka.

Wadau, mama mdogo wangu hakujaaliwa mtoto. Aliolewa, akakaa miaka saba, akarudishwa nyumbani. Hayo maneno niliyoyatamka kwa paka, yeye aliambiwa mbele za watu na mawifi zake. "Huyu kizazi hana, ananenepa bure." Na mimi msomi, nimejaa nadharia za saikolojia ya elimu kichwani, nikayarudia mezani kwake juu ya paka wake.

Jioni nilimfuata kwenye kichanja. Nikapiga goti, nikamwambia, "Mama mdogo, nisamehe, sikufikiri." Akaendelea kugeuza dagaa. Baadaye akasema, "Mwanangu, sijakataa. Ila usiseme kama ni adhabu."

Hiyo sentensi nimerudi nayo Morogoro. Nimeitafakari sana, na nadhani ndo mzizi wa kwa nini watu wetu wanakataa. Angalieni lugha yetu yenyewe. Dume la ng'ombe likihasiwa linaitwa maksai, na maksai ana heshima yake, analima. Bwana mifugo anakuja na lile koleo la budizo, anabana, kijiji kinaangalia, watoto wanacheka, hakuna anayesema Mungu amekosewa. Lakini kwa jike neno hatuna. "Kuhasi" linasikika la dume. Tunabaki na "kumtoa kizazi", ambalo ni neno la matusi ya mawifi, au "kumfunga uzazi", ambalo angalau tumelizoea kliniki ya uzazi wa mpango. Mimi nachagua hilo la pili, ingawa daktari atasema si sahihi kabisa, maana paka hafungwi, anaondolewa. Neno linalomuumiza mtu aliyekaa pembeni yako halifai kufundishia. Hilo sikulisoma kwenye kozi yoyote.

Na mama mdogo aliposema hakatai, aliniuliza maswali manne ambayo nadhani kila mtu wa kwetu angeuliza. Sikuwa na majibu. Niliporudi huku nikamtafuta rafiki yangu anayesoma udaktari wa mifugo kampasi kuu, yuko mwaka wa nne kati ya ile mitano yao. Yeye akanipeleka kwenye kliniki moja ya wanyama hapa mjini, nikaruhusiwa kusimama pembeni kuangalia. Nawapa majibu kama nilivyoyaelewa.

Swali la kwanza: atauma? Paka anakuja hajala tangu usiku, ili asitapike akiwa usingizini. Anachomwa sindano, dakika chache amelegea. Kilichonishtua ni kwamba macho yanabaki wazi, kwa hiyo wanampaka dawa ya macho yasikauke. Wananyoa manyoya, wanasafisha, wanapasua sehemu ndogo tumboni. Wengine wanapasulia ubavuni. Kizazi cha paka kimekaa kama herufi Y, zile pembe mbili nyembamba kama tambi iliyoiva, na ovari mwishoni. Mie nilitegemea kitu kikubwa! Wanafunga mishipa kwa uzi, wanakata, wanashona tabaka kwa tabaka. Mengine yote ni usafi na subira. Anapewa dawa ya maumivu, anaamka anayumba kama mlevi wa gongo. Siku 10 mpaka 14 kidonda kinakuwa kimefunga, na kuna uzi unaoyeyuka wenyewe, hakuna kurudi kutolewa nyuzi. Kwa mtu wa Bukima hilo la uzi ni jambo kubwa.

Sitaki kuwadanganya: ni operesheni ya tumbo. Paka anaweza kufia mezani. Si kawaida, lakini inatokea, na ndo maana si kazi ya kufanywa na mtu yeyote mwenye wembe na ujasiri.

Swali la pili: atawinda tena? Hapa mama mdogo alikuwa mkali, maana paka asiyewinda kwake ni mdomo tu. Jibu ni ndiyo, atawinda. Kuwinda hakutoki kwenye ovari. Ni kweli paka aliyefungwa anaweza kula zaidi na kunenepa, na huenda maneno ya uvivu yalianzia hapo, kwa watu wanaowamwagia paka chakula sahani nzima. Paka wa kwetu anayepewa vichwa vya dagaa na baki la ugali, atanenepea wapi? Tena kuna faida: hazunguki usiku kutafuta madume, hapigani, halii juu ya bati saa nane za usiku, yale mapaka shume ya kijiji hayaji kukojoa ukutani kwako. Anakaa ghalani.

Swali la tatu, si kuna sindano? Jirani alishamshauri amchome Sato ile sindano ya uzazi wa mpango ya kina mama. Rafiki yangu alipolisikia hili alishika kichwa. Homoni za namna hiyo kwa paka zinaweza kumletea usaha kwenye kizazi na uvimbe kwenye matiti, na paka wengi wanafia huko. Wakati paka aliyeondolewa kizazi hawezi kupata usaha wa kizazi, maana chenyewe hakipo, na akifanyiwa mapema kabla ya miezi 6 hatari ya saratani ya matiti inashuka sana. Na ile habari ya "mwache azae mara moja kwanza ndo apevuke", ameniambia haina msingi wowote wa kitabibu.

Swali la nne ndo lilinishinda na bado linanishinda. Nani atafanya, na kwa hela ya nani?

Bwana mifugo wetu nilimuuliza kabla sijaondoka. Mtu mwungwana. Akaniambia wazi, "Binti yangu, ng'ombe nahasi, mbuzi nahasi, chanjo nachanja. Kumpasua paka jike tumbo sijafundishwa." Nilimheshimu kwa hilo. Na sheria ndivyo inavyotaka, Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 imetenganisha kazi ya daktari aliyesajiliwa na kazi ya wasaidizi wake. Kwa hiyo daktari atafutwe Musoma mjini au kwingine, paka apandishwe Hiace ndani ya kapu, mtu alipe nauli kwenda na kurudi, alipe na operesheni. Bei niliyoitajiwa hapa Morogoro ni kubwa kwa mtu anayeuza dagaa kwa sado. Mama mdogo akiweka hiyo hela pembeni, mezani pana pengo. Kiroba ni bure. Ndo ushindani wenyewe huo wadau, tusiuzungushe.

Kwa hiyo ninapowasikia wenzetu wa mjini wanasema "watu wa vijijini hawana huruma na wanyama", napata hasira. Mjomba wangu si katili. Alikesha na mbuzi wetu aliyeshindwa kuzaa, akamsaidia kwa mikono yake mpaka alfajiri. Kiroba alikikuta kwa baba yake. Hakuna aliyewahi kumpa njia nyingine. Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama, namba 19 ya mwaka 2008, na ni nzuri, inakataza ukatili. Lakini polisi wakija kumkamata mtoto wa darasa la tatu mwaloni, watakuwa wamefundisha nini? Sheria bila daktari inabaki kuwa lawama tu.

Mbona njia zipo. Hebu angalieni mkoa wetu wenyewe. Mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa unaoitwa distempa uliingia Serengeti ukaua karibu theluthi moja ya simba, kama 1,000 hivi. Baada ya hapo ndo zikashika kasi zile kampeni za kuchanja mbwa vijiji vinavyozunguka hifadhi, distempa na kichaa cha mbwa pamoja, bure. Gari linakuja, linatangaza kwa spika, watoto wanatoka na mbwa wamefungwa kamba, minyororo, wengine mikanda ya shule. Kama kuna mtu angeambiwa zamani kwamba mtu wa Mara atapanga foleni na mbwa wake juani asubiri sindano, angecheka. Na watu wakapanga. Kwa nini? Huduma iliwafuata walipo, haikuwadai nauli, na walielezwa kwa heshima kwamba inawahusu watoto wao.

Na paka naye yumo kwenye hiyo hesabu. Kichaa cha mbwa kinashika paka pia, na paka mwenye nacho akimng'ata mtu ni kile kile. Duniani ugonjwa huu unakadiriwa kuua watu 59,000 kwa mwaka, wengi Afrika na Asia, wakiwemo watoto wengi. Lengo la dunia ni kumaliza vifo vinavyotokana na mbwa ifikapo 2030. Sasa gari likishakuja kwa chanjo, lina friji, lina daktari, lina meza, tunashindwa nini kuweka siku moja au mbili za paka jike? Chama cha ZAASO kule Zanzibar kinafunga uzazi paka na mbwa, KSPCA wa Nairobi vilevile. Hawa si watu wa sayari nyingine. Ni suala la nani ameamua lianze.

Mapendekezo yangu basi, naomba kuyawasilisha.

Moja, wenzetu wanaosoma udaktari wa mifugo wanahitaji paka wa kujifunzia chini ya usimamizi wa madaktari wao. Sisi kwetu tuna paka wanaohitaji daktari. Kikundi kimoja, wiki moja ya likizo, jengo moja la shule lililofungwa. Tena Butiama pale pamewekwa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere. Natamani siku moja wana Musoma, Bunda na Butiama tusilazimike kufikiria Morogoro.

Mbili, tufanye kwa mpigo. Paka mmoja akifungwa, mwenye naye amepumzika, lakini kijiji hakijabadilika. Wafungwe wengi kwa wakati mmoja ndo utaona tofauti mwaloni.

Tatu, na hili ni letu sisi walimu. Tutaenda mazoezi ya kufundisha, tutasimama mbele ya watoto na mada ya uzazi wa mamalia. Tusichore tu ubaoni. Tuwaulize watoto wa paka wa nyumbani kwao huwa wanaenda wapi. Muulize halafu unyamaze. Nakuhakikishia darasa zima watainamisha vichwa, na utajua ni wangapi wamewahi kushika kiroba.

Wiki iliyopita mama mdogo alinipigia, jambo ambalo si kawaida yake, huwa anabipu. Tukasalimiana, habari za mvua, habari za mjomba mgongo. Kisha akasema Sato tumbo limejaa tena. Nikakaa kimya, maana sikutaka kuharibu mara ya pili. Akasema: "Ukija, njoo na huyo daktari wako. Nauli yake mimi nitachangia nusu. Lakini hawa waliomo, waache watoke. Nimeshamwambia kaka yangu asiguse."

Nikamwambia sawa, wakifika wiki 8 wakaacha kunyonya ndo wakati wake, na tangu azae tumfungie asitoke usiku tusije tukakuta ameshika nyingine. Akacheka. "Nimfungie kama binti wa shule?" Ndiyo mama, kama binti wa shule.

Dogo naye akaomba simu. Ameshachagua mmoja, kabla hata hawajazaliwa. Anataka mwenye madoa.

Kwa hiyo bumu likitoka, kuna fungu nimeliweka la paka, msinicheke na msinikope. Rafiki yangu wa udaktari hawezi kufanya peke yake, bado hajasajiliwa, kwa hiyo tunamtafuta daktari mwenye leseni aliyeko Musoma atakayekubali tufike na kapu letu. Kama kuna mdau anamfahamu mmoja, aniambie.

Na nyie kwenu mnafanyaje? Semeni ukweli, hapa hatuhukumiani, mimi nimeshaanza kwa kusema wa kwangu.

Ngoja nikasome, kesho asubuhi kuna jaribio. Tuonane wiki ijayo Mungu akipenda.